Utafika Mombo na Hali Gani?

Ubishi ulianza usiku, vikombe vya chai vikiwa bado mezani. Kesho yake tulikuwa tumrudishe baba mkwe kwake Lushoto, baada ya miezi miwili ya kutibiwa macho Dar es Salaam. Magari yalikuwa mawili, langu na la shemeji yangu, na kila gari lilikuwa na njia yake.

Shemeji, anayeishi Kimara, alisema tupite Chalinze. Mimi ninayeishi Mwenge nikasema Bagamoyo.

"Chalinze ni barabara kuu," alisema. "Unatoka Kimara unanyoosha, Kibaha hiyo, Mlandizi hiyo."

"Barabara kuu ya malori," nikamjibu. "Yanayokwenda Zambia humo, ya Kongo humo, ya Rwanda na Burundi humo. Ukikuta foleni ya mizani pale Vigwaza utanikumbuka."

"Na wewe utanikumbuka ukiwa umekwama Tegeta. Ukitoka hapo, vijiji mpaka Bagamoyo, kibao cha hamsini baada ya kibao cha hamsini, na tochi ya trafiki nyuma ya mwembe."

Mke wangu akachukua simu, akafungua ramani. Kati ya njia yangu na ya kaka yake palikuwa na tofauti ya dakika kumi na mbili. Ungetegemea jambo hilo litupoze. Lilituchochea, maana sasa kila mmoja alikuwa na dakika za kuzigombania.

Mwisho tukamgeukia mzee. Baba mkwe aliendesha Fuso za mboga kutoka Lushoto hadi Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kama kuna mtu wa kukata shauri, ni yeye.

"Baba, wewe unasemaje?"

Akasogeza kikombe chake taratibu, kama mtu anayetafuta nafasi ya kuegesha. "Wakati wetu hatukuwa na cha kubishania. Bagamoyo kwenda Msata ilikuwa vumbi, na mvua ikinyesha ni tope. Njia ilikuwa moja." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Mnaulizana mtapita wapi. Sijasikia aliyeuliza mtafika Mombo na hali gani."

Tukacheka kidogo, kwa heshima, kama watu wanavyomchekea mzee waliyeona hakuelewa swali. Tukakubaliana kutokukubaliana: kila gari lipite kwake, tukutane Msata.

Kwa asiyeijua safari hii, nieleze kidogo. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lushoto una milango miwili. Wa kwanza unapita Kibaha hadi Chalinze, unaiacha barabara ya Morogoro iendelee zake, unakata kulia na kupita Lugoba, kwenye machimbo ya kokoto. Wa pili unafuata pwani hadi Bagamoyo, unaingia barabara ya lami ya kilomita 64, unapita Kiwangwa kwenye mafungu ya mananasi kandokando ya njia. Milango yote miwili inatokea Msata. Kuanzia hapo ubishi umekwisha: daraja la Wami ni moja, Mkata ni moja, Segera ni moja, na Korogwe ni moja. Unafika Mombo, chini kabisa ya milima ya Usambara, unakata kulia, na mbele yako zinabaki kilomita zipatazo 33 za kona.

Kwa maneno mengine, tulikesha tukigombea theluthi ya kwanza ya safari. Theluthi mbili zilizobaki, pamoja na mlima wenyewe, hakuna aliyezitaja.

Asubuhi tuliondoka saa tatu, tumechelewa kwa sababu ya kulala tumechelewa. Baba mkwe alikaa mbele kando yangu, amevaa koti la baridi tangu Mwenge, jua likituchoma. Foleni ya Tegeta ilitukamata kama shemeji alivyotabiri. Pale niligundua jambo ambalo nimelibeba hadi leo: niliacha kuendesha gari nililokuwamo, nikaanza kuendesha gari la shemeji. Mwili ulikuwa Tegeta, moyo uko Kibaha. Kila nilipokanyaga breki nilimwona yeye akikanyaga mafuta. Hivyo ndivyo ilivyo njia usiyoipita: haina foleni, haina shimo, haina trafiki. Inateleza tu kichwani mwako, na hakuna barabara ya lami inayoweza kushindana nayo.

Baada ya Bunju njia ilifunguka, nami nikaanza kulipiza. Nilitaka nifike Msata kabla yake. Madereva tuliokuwa tukipishana nao waliniwashia taa kunionya kuna tochi mbele. Nikapunguza, nikapita kwa adabu, nikakanyaga tena. Watoto waliomba tununue mananasi Kiwangwa, nikasema tutanunua tukirudi. Mzee hakusema kitu. Mara mojamoja alishika ule mpini ulio juu ya mlango, akauachia.

Msata tuliwasubiri dakika nane. Dakika nane hizo ndizo nilizozinunua kwa bega lililokakamaa, na kwa mke aliyeacha kunisemesha. Shemeji aliposhuka nikamuuliza alivyopita. "Nyeupe kabisa," akasema. Naye akaniuliza mimi. "Tegeta? Hata foleni hakuna." Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Pale Msata tulizifupisha njia mbili kwa mpigo. Baadaye sana, milimani, alikuja kukiri kwangu kwamba Vigwaza walikaa nusu saa.

Nimeufikiria sana uongo ule mdogo. Mtu akishachagua njia mbele za watu, safari yake inageuka kuwa ushahidi wa mahakamani. Hawezi tena kusema hapa nilikwama, maana ataonekana alikosea. Nimewaona watu wakikaa miaka kumi katika kazi inayowala, kwa sababu tu siku ya kuichagua walibishana na baba zao. Na kumbe hatukuwa na sababu ya kuoneana aibu. Shemeji anaanzia Kimara, mimi naanzia Mwenge. Kwake Chalinze ndiyo njia, kwangu Bagamoyo ndiyo njia, na aliyeko Tegeta wala hahitaji kuuliza. Tulichokuwa tukikiita ushauri ni kila mtu kumwelekeza mwenzake aanzie safari mlangoni kwake.

Tulifika Mombo saa tisa na nusu alasiri. Mlima ulikuwa umesimama mbele yetu, wa kijani, kilele kimejifunika wingu. Nikawasha taa ya kulia.

"Simama kwanza," mzee akasema. "Tunywe chai."

"Baba, si tumalizie tu? Tumebakiza kidogo."

"Ndiyo maana nasema tunywe chai."

Tukakaa kwenye benchi la mama mmoja, kikombe na kitumbua. Nikatazama mikono yangu ilivyokuwa ikitetemeka, na sentensi ya jana usiku ikanirudia nzimanzima. Nilikuwa nimefika Mombo nikiwa sina kitu. Uangalifu wote niliojaaliwa siku ile nilikuwa nimeutumia kati ya Bunju na Msata, kwenye tambarare, kushindana na mtu ambaye tulikuwa tukienda nyumba moja.

Mzee akaonyesha kwa kidevu upande iliko reli ya Tanga. Wajerumani, akasema, waliifikisha hapa Mombo, kisha wakaipeleka Moshi ikipita chini ya milima. Najua kutoka vitabuni kwamba ilifika Mombo mwaka 1905, na kwamba mji wa Lushoto wenyewe waliuita Wilhelmstal. Waliupenda ubaridi wake, lakini gari moshi lao halikupanda kwenda huko. "Mlima haujali umetoka wapi," mzee akasema. "Aliyetoka Ulaya na aliyetoka Kariakoo, wote wanazunguka kona zilezile."

Ndipo akaanza kunifundisha, na sauti yake ilibadilika, ikawa ya dereva. Gia ya pili, usiing'ang'anize ya tatu. Kona usiyouona mwisho wake, piga honi kabla hujaiingia. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, na chini kabisa mto unaong'aa kama uzi. Kwenye kona moja likatokea lori limepakia matenga ya nyanya na magunia ya kabichi, linashuka. Nikasema anayepanda ndiye mwenye njia.

"Haki ni yako," mzee akanijibu, "ila breki zake zimebeba tani saba. Mpishe."

Nikampisha. Dereva wa lori akainua mkono, na mzee naye akainua wake, ingawa kwa macho yale sidhani kama alimwona.

Tulipofika Soni, maji ya maporomoko yakisikika, akanisimulia habari za Mbegha. Vuga, iliyokuwa makao makuu ya watawala wa Wakilindi, haiko mbali na hapo. Kila Msambaa hukua akisikia masimulizi haya, na Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa mwindaji aliyekimbia kwao Ngulu, akapita Kilindi, nako akakimbia, mpaka akapanda milima hii. Kama ni kuchagua njia, yeye hakuchagua hata moja, alisukumwa tu. Lakini alifika akiwa na mikuki yake, na mbwa wake, na ujuzi wa kuwinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu. Akagawa nyama, akapendwa, akafanywa mtawala.

"Hawakumuuliza amepitia wapi," mzee akamaliza. "Walitazama amekuja na nini."

Tukaingia Lushoto mwanga ukiwa bado upo, hewa imepoa, harufu ya moshi wa kuni na mikaratusi. Hapo ndipo nilipoelewa lile koti.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mwanafunzi aliyehitimu. Lakini siku sita baadaye tulishuka bila mzee. Nilikuwa nimepumzika, nimekula mapeasi, nimelala usingizi mrefu wa baridi, na njia niliona naijua. Chini ya Soni gari lilianza kukimbia lenyewe, nami nikaliachia gia ya nne, nikilishika kwa breki kila kona. Kona ya sita au ya saba ikaja harufu, kali, ya kitu kinachoungua. Nilipokanyaga, pedeli ilizama chini kuliko kawaida.

Nikafanikiwa kusimama mahali palipopanuka. Shemeji akasimama nyuma yangu, akaja akiwa na chupa ya maji, akapiga magoti kando ya gurudumu, hakusema neno. Tulikaa juu ya jiwe nusu saa tukisubiri breki zipoe. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: methali hii niliijua tangu shule ya msingi, na nilikuwa nimeijibia mtihani. Mzee alikuwa ameniambia pia, siku ile tunapanda, kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nilidhani ni mambo ya magari.

Sasa naona maneno yale yanahusu pia kila kitu ambacho nimewahi kukipanda kwa nguvu na kukishuka kwa kujiamini: ndoa baada ya harusi, cheo baada ya kuteuliwa, afya baada ya kupona. Tunakuwa makini wakati wa kutafuta, kwa sababu gari linalemewa na injini inanguruma. Tukishapata, kila kitu kinateremka chenyewe, tunaachia gia, na breki zinaungua kimyakimya mpaka zitoe harufu.

"Tungekuja na mzee," nikasema.

"Mzee alishasema," shemeji akajibu.

Tukashuka gia ya pili mpaka Mombo, polepole, fuso za mboga zikitupigia honi nyuma, nasi tukizipisha. Korogwe, Segera, Mkata, Wami. Jioni ilikuwa inaingia tulipokaribia Msata, yeye ametangulia. Akanyoosha kuelekea Chalinze, akapiga honi mara mbili. Mimi nikawasha taa ya kushoto.

Hakuna aliyempigia mwenzake simu kumuuliza amefika saa ngapi. Kiwangwa nilisimama, nikanunua mananasi.