Kiguu na Njia wa Msasani

Uani kwa bibi, Msasani kijijini, Dar es Salaam, kuku hawakuwa na banda la maana. Palikuwa na tenga kuukuu, kichanja cha fito nyuma ya choo, na mkungu ambao majogoo waliupanda jua likizama. Ukishuka vichochoro vichache unatokea ufukweni, kwenye ngalawa na mashua. Ukienda upande wa pili unaanza Oysterbay, kuta ndefu na mageti, mbwa wa kuogeshwa kwa sabuni na kutembelewa na daktari wao. Kuku wetu hawakuwa na daktari. Walikuwa na bibi.

Nasimulia mwaka 1997, ule ambao mvua za vuli zilikuja na jina lake kabisa, Elnino, zikakaa hadi mwaka uliofuata. Mwalimu Nyerere alikuwa bado hai, na nyumba yake ilikuwa Msasani hiyo hiyo, ng'ambo ya kwetu. Wazee wakibishana barazani kuhusu Azimio la Arusha au bei ya unga, hakukosekana wa kusema, "Si jirani yako? Nenda kamuulize mwenyewe!"

Tetea ninayemkumbuka alikuja kutoka Mkuranga, zawadi ya shangazi, amebebwa kichwa chini juu ya basi. Akafungwa kamba mguuni, kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na desturi hiyo haikuachwa hata mjini: unamfunga siku kadhaa hadi aizoee nyumba. Huyu alipofunguliwa hakuizoea nyumba, aliizoea pwani. Kutwa yuko kwenye mchanga anapekua matumbo ya samaki na dagaa waliomwagika, anarudi magharibi ananuka shombo. Bibi akamwita Kiguu na Njia.

Huko pwani ndiko alikopata ulemavu. Wavuvi wakishona nyavu hubaki vipande vya uzi wa nailoni, na nailoni haiozi. Ukishamzunguka kuku mguuni, kila anapopekua anaukaza mwenyewe. Jioni moja akaingia uani anachechemea, nasi watoto tukasema ni mwiba. Bibi hakusema kitu. Alimlaza chali mapajani, akamfunika kichwa kwa ncha ya kanga (kuku akifunikwa macho hutulia, hilo halihitaji shule), akaniambia nimshike mabawa. Akauosha mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Uzi haukuonekana. Kilichoonekana ni mfereji mwembamba juu ya kidole cha kati, nyama imevimba huku na huku hadi ikaufunika uzi, na chini yake kidole kimekuwa cheusi.

Mjomba, ambaye alikuwa mvuvi, akaingiza ncha ya sindano chini ya mfereji ule, akanyanyua polepole, bibi akakata kwa wembe. Uzi ukatoka kidogo kidogo, wa kijani, umejisokota mara nyingi kuliko tulivyodhani. Damu ilikuwa kidogo, usaha mwingi. Kuku hakulia. Nilichokisikia ni moyo wake tu, unapiga mbio kwenye viganja vyangu. Akapakwa dawa ya zambarau ya vidonda, akafungwa kitambaa cha kanga. Baada ya muda kidole kilikauka, kikaanguka, nasi tukakizika chini ya mkungu kwa heshima zote za maziko, pamoja na mtu wa kusoma dua. Bibi alipogundua alitutia adabu, si kwa sababu ya kidole bali kwa sababu ya dua.

Watu hudhani taabu ya kuku kilema ni kutembea. La. Kuku huyatafuta maisha yake kwa kupekua, na ili apekue ni lazima asimame kwa mguu mmoja huku mwingine unafanya kazi. Kiguu na Njia akiuinua mguu mzima, ule mbovu ulimtupa. Akiutumia mbovu, aliguna na kuuacha. Akawa anazunguka akiokota vilivyopekuliwa na wenziwe, na wenziwe hawakumwachia. Kuku hawana huruma. Mwenye udhaifu hudonolewa kisogoni hadi atoke damu, na damu ikitoka wengine nao huja.

Tena kulikuwa na kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu, ambao si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka hadi Dar es Salaam na hawakuridhika na takataka. Kazi yao kubwa uani ilikuwa kuiba vifaranga. Walipomwona mkubwa anayeyumba wakaanza kumjaribu naye, mmoja anamvuta mkia mbele ya wengine wanaochungulia kwenye bati. Basi kazi yangu ikawa hiyo: kukaa na fimbo, na kumwekea chakula chake peke yake. Machicha ya nazi, vichwa vya dagaa, pumba iliyolowekwa. Mchwa tuliwapata kwa kufukia chungu chenye magunzi na samadi kavu. Unakifunika jioni, asubuhi unakifunua wamejaa. Mchwa ndio waliomrudishia mng'ao wa manyoya.

Mjomba alikuwa na hesabu zake. "Mama, huyu si wa mchuzi huyu?"

"Mchuzi wa siku moja, mwanangu. Mie nina kazi naye."

Sikuielewa kazi hiyo mapema. Kiangazi kilichotangulia mvua kilikuwa cha kideri. Wanaofuga wanakijua: kuku analala mzima, asubuhi amejikunyata, mharo wa kijani, shingo inajipinda, na kabla wiki haijaisha ua mzima ni manyoya. Mjomba alipanda daladala hadi Temeke, kwenye maabara ya mifugo ambayo sote tuliiita Vetenari, akarudi na chanjo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Chupa moja ilitosha kuku mia kadhaa, na ikishachanganywa hailali. Ndiyo maana mfugaji wa kuku kumi haendi Temeke. Atanunua dawa ya mia kadhaa ili amwage karibu yote? Bibi akapita nyumba kwa nyumba kuwaita majirani. Wengine walikuja, wengine wakasema chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Kiguu na Njia alipata tone lake jichoni kama wenzake. Miaka ya baadaye hapo hapo Temeke ikaja kutengenezwa ile ya I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia na ambayo huvumilia joto kuliko ya zamani. Bibi angeipenda, maana barafu ile ilimgharimu kuliko dawa.

Kideri kilipopita, mtaa ulibaki bila koo wa kuatamia. Halafu mvua zikaingia, na Bonde la Mpunga, hapo hapo Msasani, likarudi kuwa bonde la mpunga kweli. Kuku wakasimama siku nzima chini ya vipenu. Kilema hawezi kuparamia kichanja, na akilala kwenye tope nyayo huota majipu, kwa hiyo bibi akamhamishia jikoni, kwenye kapu karibu na mafiga. Fundi wa mashua wa nyuma yetu akatoa maranda ya kutandika, akawa anayaleta kwenye gunia kila yalipolowa.

Hapo ndipo kazi ikaonekana. Kuku asiyezurura ni koo wa ajabu. Huyu alipohisi joto la kapu alitaga, akajibwaga juu ya mayai, na akawa anamdonoa hata paka. Fundi, ambaye bata wake alisusa mayai kiota kilipojaa maji, akaja na mayai ya bata kwenye kanzu aliyoikunja mbele. Bibi akayapima usiku mbele ya kibatari, moja moja, ameyazungushia kiganja. Yenye kivuli cha mishipa akayatia alama ya mkaa, mengine akayarudisha. Akayatoa ya kuku kwa siri, akaingiza ya bata.

Kuku huangua kwa siku 21. Bata wa uswahilini, hawa wenye uso mwekundu wenye vinundu, huchukua takriban 35. Ni muda mrefu kumdanganya mama. Wengi huchoka wakaacha, au hukonda hadi wakafa juu ya kiota. Bibi alimlisha pale pale, kwa mkono, akamnyanyua mara moja kwa siku anyooshe miguu na kujisaidia, akaurudisha mguu mbovu chini ya ubawa kwa kidole chake mwenyewe. Ramadhani iliingia mwisho wa Desemba. Saa ya daku tulikula sisi na yeye. Idd ilipokaribia, mwishoni mwa Januari 1998, mjomba hakuuliza tena habari za mchuzi. Nani anachinja kuku aliyelala juu ya mayai?

Vifaranga vya bata vilianguliwa karibu na sikukuu, na vikaenda moja kwa moja kwenye dimbwi. Kiguu na Njia alisimama ukingoni akipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwa kuku mwingine, anaingiza mguu, anautoa, anazunguka dimbwi lote kwa kuchechemea ili awapokee upande wa pili, nao wanageuka kurudi walikotoka.

Ugomvi ukawa kwenye kugawana. Fundi alitaka nusu, maana mayai yake. Bibi akataja pumba, mchwa na usiku wa kuamka. Fundi akataja maranda. Wakakubaliana nusu kwa nusu, kama ilivyo desturi, lakini vya fundi vilipofikishwa kwake vililia usiku kucha, asubuhi akarudi navyo kwenye karai.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Basi niazime na mama yao."

"Marahaba. Mama yao ana kilema, haendi popote. Walete magharibi walale naye, asubuhi uje uwachukue."

Kwa hiyo msimu ule mtu mzima, fundi anayeheshimika pwani nzima, alipita kichochoroni kila jioni na karai la vifaranga vya bata kichwani, tope hadi magotini, watoto tukimfuata nyuma kumuuliza kama shule imefunguliwa. Na bibi hakumfungulia mlango hadi aonyeshe pumba.