Mtoto wa Kinyozi na Mtihani wa Kiingereza

Mwaka 1967 Karpoori Thakur, naibu waziri kiongozi wa jimbo la Bihar, mashariki mwa India, alikabidhiwa pia wizara ya elimu. Akafuta sharti la kufaulu Kiingereza kwa mtahiniwa anayetaka cheti cha kumaliza shule. Kabla ya hapo kijana wa kijijini aliweza kufaulu hesabu, sayansi na historia, akaangushwa na Kiingereza peke yake, na masomo yake yakaishia hapo. Watu wa mjini waliokuwa na shule nzuri hawakulipenda jambo lile. Aliyefaulu bila Kiingereza walimcheka kwamba amepata “divisheni ya Karpoori”.

Kejeli ile inaniuma, kwa sababu nimekulia nyumba moja na mtu aliyestahili divisheni hiyo. Kaka yangu, akiwa shule ya msingi, alikuwa akipata jibu la hesabu kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni. Alipoingia kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, naye akageuka bubu darasani. Matokeo ya kidato cha nne yakaja na sifuri. Mpaka leo wapo ndugu zetu wanaoamini kwamba kichwa chake kilikuwa kizito, na kinachonisikitisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliwaamini.

Thakur alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Pitaunjhia, Samastipur, kwenye familia ya vinyozi. Kule kunyoa hakukuwa kazi ya kuchagua. Lilikuwa tabaka la kuzaliwa nalo, na lilikaa chini kabisa ya wenye ardhi. Mwaka 1942, Gandhi alipowaambia Waingereza waondoke, kijana huyu aliacha chuo akaingia katika harakati, akafungwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1952 akachaguliwa kuingia baraza la jimbo akiwa msoshalisti, na tangu hapo hakuwahi kushindwa uchaguzi wa baraza hilo. Waziri kiongozi alikuwa mara mbili, 1970 hadi 1971 na 1977 hadi 1979. Ukijumlisha vipindi vyote viwili, havifiki miaka mitatu. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia upande wa upinzani, akizunguka vijijini.

Watu wa Bihar wanapenda kusimulia umaskini wake. Inasemekana alisafiri kwenda Ulaya na koti la kuazima lililochanika, na Tito wa Yugoslavia alipoliona akampa jingine. Inasemekana pia kwamba mwanasiasa mkubwa aliyemtembelea kijijini alijigonga kichwa mlangoni, akamshauri auinue mlango ule. Thakur akajibu kwamba nyumba yake haina maana maadamu maskini wa Bihar hawana zao. Alipofariki mwaka 1988 hakuacha mali ya kuzungumzwa.

Ninayaheshimu masimulizi haya, lakini hayanitoshi. Tumewaona viongozi walioishi kwa unyenyekevu na wasimwondolee mnyonge hata kikwazo kimoja. Ukubwa wa Thakur nauona mwezi Novemba 1978, alipotenga asilimia 26 ya ajira za serikali ya jimbo: 12 kwa matabaka yaliyokuwa nyuma kabisa, 8 kwa yale yaliyokuwa nyuma kiasi, 3 kwa wanawake na 3 kwa maskini wa matabaka ya juu. Itazame hiyo 3 ya mwisho. Watoto wa wale waliokuwa wakimwita baba yake kuja kunyoa, kama walikuwa maskini, aliwawekea fungu lao. Hata hivyo mitaa ilichafuka. Alitukanwa kwa tabaka lake, akatukaniwa mpaka mama yake. Washirika waliotoka chama cha Jana Sangh wakamgeuka, na Aprili 1979 akapoteza uongozi. Hakuirudisha nyuma amri yake ili abaki na kiti.

Jambo la Kiingereza, kwa upande mwingine, halikunyooka hivyo. Wenye uwezo waliendelea kuwafundisha watoto wao Kiingereza katika shule za kulipia, na watoto wale wakazichukua kazi za Delhi na kwingineko zilizodai lugha hiyo. Mtoto wa mkulima alipata cheti, lakini hakuwa amepatiwa mwalimu bora wa lugha aliyoondolewa kwenye sharti. Wapinzani wa Thakur hulitaja hilo kuwa ushahidi kwamba alikosea. Mimi naona aliondoa dhuluma moja, na waliomfuata hawakuishughulikia ya pili. Huku kwetu Tanzania mzazi anayeuza mazao yake ampeleke mtoto Ingilishi midiamu simlaumu hata kidogo; ameona nani anaajiriwa. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri na walimu wanaokijua. Ninachokikataa ni kumpima mtoto biolojia kwa lugha ambayo hakuna aliyemfundisha ikamkaa.

Heshima ilimfikia Thakur kwa kuchelewa. Januari 2024, karibu miaka 36 baada ya kifo chake na miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya India ilitangaza kumtunuku Bharat Ratna, nishani yake ya juu kuliko zote. Chama kilichoongoza serikali hiyo kinatokana na Jana Sangh ile ile iliyomwacha mwaka 1979. Miongoni mwa wanaojiita wanafunzi wake, mwanasiasa Lalu Prasad Yadav alitiwa hatiani mwaka 2013 katika kesi ya wizi wa fedha za malisho ya mifugo. Jina la Karpoori sasa linapendwa na kila upande. Mwaka 1978 kulitetea kulimpotezea mtu marafiki, pengine na cheo.

Nawafikiria wabunge wetu. Wanakuja vijijini kuomba kura kwa Kiswahili, wanajadili bajeti Dodoma kwa Kiswahili, na mwaka 2021 walipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Walifanya vema sana, maana mshtakiwa ana haki ya kuelewa anachoshtakiwa. Lakini msichana wa kidato cha nne kule Kasulu au Nachingwea, anayejua fika jinsi moyo unavyosukuma damu, bado ataulizwa kwa Kiingereza na atatakiwa ajibu kwa Kiingereza. Yupo mbunge, hasa aliyesoma shule ya kata kama yeye, atakayekubali kuchekwa kwa ajili yake?