Waifai imejaa, Baba haonekani

Leo tuna kisa cha harusi ya mdogo wetu, lakini si cha hina wala cha mapambo. Ni cha ruta.

Baba yuko London kwa matibabu, na daktari hakumruhusu kusafiri. Ami alishapewa uwakala wa kuozesha, kwa hiyo nikaha isingekwama. Lakini Baba aliomba jambo moja: kabla wanaume hawajaenda msikitini Alasiri, amuone mwanawe kwenye simu na amuulize mwenyewe kama ameridhia. "Nataka nimsikie kwa masikio yangu," alisema.

Saa nane mchana bi harusi yuko tayari, udi unafuka, tukapiga. Kimya. Alama ya waifai imejaa, intaneti hakuna. Tukajaribu bando la simu, lakini nyumba yetu ni ya zamani, ya Mji Mkongwe, kuta nene za mawe. Picha ikaganda, sauti ikakatika.

Hapo lawama zikaanza. Watoto wa jirani wameiba neno la siri! Kampuni imetukatia! Mama hakulipia! Mama, maskini, alilipa siku tatu nyuma. Alinyamaza tu na tasbihi yake mkononi.

Mmoja wetu akachomoa pini ya mtandio ili abonyeze kile kitundu cha kuirudisha ruta kama mpya. Binti ya ami, anayesomea kompyuta, akamdaka mkono. "Usithubutu, dada! Utafuta mipangilio yote ya kampuni, na leo nani atakuja kuturudishia?"

Akatueleza kwamba alama ya waifai inaonyesha njia ya kutoka simu hadi ruta tu. Njia ya kutoka ruta kwenda nje ni nyingine, na taa yake ilikuwa imezima. Akaandika 192.168.1.1, namba iliyobandikwa chini ya ruta, ili afungue ukurasa wa mipangilio. Ukagoma. Kumbe simu ikiona waifai haina intaneti, hukimbilia bando kimyakimya. Akazima data, ukurasa ukafunguka: WAN imekatika, anwani 0.0.0.0. Maana yake ruta haipati chochote kutoka nje.

Tukaufuata waya kwa mkono kutoka kwenye kisanduku cha ukutani. Tundu la WAN lilikuwa tupu, na waya umechomekwa tundu namba 3, la kupeleka intaneti kwenye kompyuta za ndani. Nani kafanya? Sisi. Usiku wa hina tulisogeza meza tupate pa kuweka sinia, waya ukachomoka, tukaurudisha palipotuelekea. Matundu yote yanalingana!

Tukauhamisha, tukasubiri. Taa ikawaka. Saa tisa kasorobo Baba akaonekana, kofia kichwani. Akamuuliza. Mdogo wetu alilia kwanza, kisha akasema, "Ndiyo Baba, nimeridhia." Baba hakusema mengi. Aliinua mikono akaomba dua, na Ami mlangoni akageuza uso.

Kabla ya Magharibi tulimwomba Mama radhi.

Bi harusi mtarajiwa, kama kuna mzazi wako atakayekuona kwa simu, jaribuni siku moja kabla, na mle chumbani mtakamokaa. Bandikeni alama kwenye waya wa WAN. Ikikatika, tazameni taa kwanza, kisha waya, kisha zimeni ruta nusu dakika na kuiwasha. Pini ibaki kwenye mtandio.

Na utakapoingia nyumbani kwako, ukaona mwenzio amekuwa kimya, usianze na lawama, wala usikimbilie kufuta kila kitu. Mdhanie wema, kisha tafuta ni wapi palipochomoka. Huenda mkono uliosogeza meza ni wako.

Allah azijaalie ndoa zetu mapenzi na huruma. Amin.