Fildi 100

Nilikwenda Ifakara kwa mara ya kwanza Machi 2006, masika yakiwa yameanza. Basi lilitoka Ubungo alfajiri. Katika begi nilikuwa na koti jeupe la maabara na daftari nililochoramo vimelea vya malaria kwa penseli za rangi: pete ya buluu yenye nukta nyekundu. Chuoni tulisomea slaidi zilizokwisha kutiwa rangi, pete zimejaa kila unapotazama. Niliamini kwamba Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, namjua.

Tulipovuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, lami ikaisha. Miwa huku na huku, kisha mpunga. Upande wa kulia Milima ya Udzungwa imejifunika ukungu. Tulikwama kwenye tope mara mbili. Jirani yangu kitini alikuwa mama aliyempakata mtoto wa miaka miwili hivi, mwili wa mtoto unachemka. Akaniambia amempa SP, dawa iliyochukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001, lakini homa haijashuka.

"Malaria hii sugu, mdogo wangu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Jambo hilo linanichoma mpaka leo, maana sikuwa nimeona hata tone moja la damu ya yule mtoto.

Ifakara imezoea wanaofuata malaria. Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara hapo mwaka 1957. Mimi nilipelekwa kwenye zahanati ya kijiji, chini ya mzee mmoja aliyesoma slaidi tangu ujana wake. Nilipomwamkia aliitika, "Marahaba mwanangu," akanivutia kigoda mbele ya hadubini.

Alinionyesha tone nene la damu, lililokauka bila kupakwa methanoli ili rangi ya Giemsa ipasue seli nyekundu na kubakiza seli nyeupe na vimelea. Dakika 10 kwenye rangi, suuza taratibu, anika, dondoshea mafuta, teremsha lenzi. Slaidi yangu ya kwanza nikaona nukta nyekundu, nikaandika "wapo". Mzee akainama, akazungusha skrubu ndogo kidogo tu. Seli nyeupe zikafifia, ile nukta ikabaki inang'aa peke yake, juu ya damu.

"Hii chenga ya rangi," akasema. "Mdudu ana vitu viwili, nukta nyekundu na utando wa buluu. Ukiona kimoja, hujaona kitu. Endelea."

Kuandika "wapo" kunahitaji mdudu mmoja wa kweli. Kuandika "hakuna" kunahitaji fildi 100, yaani viduara 100 vya mwanga, kimoja baada ya kingine, na macho yasiruke hata kimoja. Shingo inakakamaa. Foleni inarefuka nje, kina mama wanachungulia dirishani. Kishawishi cha kuishia fildi ya 30 ni kikubwa, na nadhani ndipo mtafiti anapopimwa.

Mzee alikuwa amesoma slaidi za Idete, jirani na Ifakara, wakati wa majaribio ya SPf66, chanjo ya Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, watu wakafurahi. Kisha Gambia na Thailand wakapima, kinga haikuonekana. Nilimuuliza kama aliona kazi yake imepotea. Alinitazama kwa mshangao. "Tuliulizwa, tukajibu." Miaka 15 baadaye, Oktoba 2021, WHO ilipopendekeza chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa Korogwe, Bagamoyo na Kilifi pamoja na kwingineko Afrika, nilimkumbuka yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Siku ya nne aliletwa mtoto mwenye homa, naye alikwisha kunywa SP. Nilimtoboa kidole, nikapaka, nikasubiri rangi. Fildi ya 20, tupu. Ya 58 ilikuwa na nukta; nikazungusha skrubu, chenga. Ya 90. Ya 100. Nikarudia safu ya mwisho, kisha nikaandika: hakuna. Mzee akasoma slaidi yote upya bila kusema neno, akatia saini chini ya jina langu.

Tabibu alipopokea karatasi aliweka kando vidonge alivyokwisha kuvitoa. Akamfunua mtoto kifua, akatazama saa yake, akaanza kuhesabu pumzi.