Diski Inayolia

Juma lililopita mpwa wangu alipanda kilima cha Rebero, hapa Kigali, kwa pikipiki, kompyuta kaipakata kama mtoto mgonjwa. Diski imekufa, alisema. Fundi wa mjini ameshampa bei ya mpya. Nikamwambia asubiri. Nikatoa diski yangu ya zamani kabatini, nikaiunga kwenye mashine kuukuu ninayoihifadhi. Ikavuma, kisha ikaanza kukwaruza.

"Mjomba, diski inalia?"

Ana miaka 19. Hajawahi kusikia diski.

Ningeapa niliinunua mwaka 1999, tulipohamia huku kilimani, barabara ikiwa vumbi jekundu na mikaratusi mingi kuliko nyumba. Nimeigeuza nikasoma lebo: 2001, GB 20. Lebo haina sababu ya kudanganya. Basi, tuyaache.

Ilipogoma mara ya kwanza niliipeleka mtaa wa Biryogo, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda cha upana wa mlango. Ndani ulifuka utomvu wa kuchomelea nyaya. Nje jirani yake alikaanga sambusa tangu alfajiri. Kila mashine iliyotoka pale ilirudi na harufu hizo mbili. Mke wangu alikuwa akiwasha kompyuta yetu na kuuliza nani amekula bila kumwita.

Mzee hakuanza na diski. "Usiandae sanda, mwanangu," alisema. "Kwanza uliza kama barua yako imemfikia." Barua ilipitia waya bapa, mpana kama utepe, wenye plagi tatu: ya buluu kwenye madabodi, nyeusi kwa diski kuu, ya kijivu kwa diski ya pili. Alifuata kwa kidole ukingo mwekundu mpaka kwenye pini ya kwanza. Alikagua jampa, vijiplagi vya kuonyesha ipi ni diski kuu na ipi ya pili; za akiba alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kisha aliwasha na kusoma jina la diski kwenye skrini, kabla Windows haijaamka. Jina likitokea limeborongwa, herufi moja hapa na alama ya ajabu pale, alicheka: diski haiwezi kusahau jina lake, ni waya au pini iliyopinda.

Lisipotokea kabisa, ndipo alipoishika. Aliilaza kiganjani ikiwa na umeme, akaipindua polepole, kidogo tu. Sahani za ndani zikizunguka mara 5,400 kwa dakika, mkono huhisi diski ikikataa kupinduliwa, kama mbuzi anayevutwa kamba. Isipokataa, mota imesimama. Ikikataa lakini inagonga, tak, tak, tak, kichwa cha kusomea kinatafuta njia na hakioni. Hapo tu ndipo alipoinamisha uso na kukuuliza kama umeweka nakala.

Yangu ilikuwa waya. Alinitoza bei ya waya.

Mwaka 2004, maji ya Ziwa Burera yanayoendesha mitambo ya umeme yaliposhuka na mgao wa umeme ukazidi, kibanda kilijaa diski zilizokatiwa umeme zikiwa zinaandika. Baadaye zikaja nyaya nyembamba za SATA, plagi ikikaa kwa kuegemea tu. Mzee akafariki. Kisha diski zikaacha kuzunguka, zikawa vipande bubu visivyovuma wala kugonga. Pale kibandani siku hizi ni meza za chai; magari yameondolewa, barabara imepakwa rangi. Chai ni nzuri. Utengenezaji ndio umekuwa wa kubahatisha: kitu hakionekani, nunua kingine. Hata kifuniko hakifunguliwi.

Na bubu hawa si kwamba hawasemi. Kila diski hutunza daftari lake ndani, SMART, na programu za bure hulisoma. Nililifungua la mpwa wangu. Mstari wa 05, sehemu zilizoharibika na kuhamishwa: sifuri. Mstari wa C7, makosa ya njiani kati ya diski na madabodi: 412. Diski ni nzima; barua ndiyo iliyokuwa ikichanika. Nikabadilisha waya wa data.

"Mbona haijarudi sifuri?" akauliza.

Haitarudi. Daftari lile halifuti yaliyopita. Unachotazama ni kama yanaongezeka. Nimemwagiza anisomee kila asubuhi. Leo kanipigia simu kabla ya saa moja, hata salamu hakutoa.

"Mjomba, 412."

Nikarudi kulala.