Diski ya Ofisi ya Kanisa: Tutengeneze au Tununue Nyingine?



Tangu Jumapili simu yangu haijapumzika. Mmoja ananiandikia, "Pasta, kuna fundi pale steji, atatengeneza kwa bei ya chini." Mwingine anasema, "Pasta, tupa hiyo kitu, nunua mpya, mambo ya kale yamepita." Kwa kuwa kikao cha Jumamosi ndicho kitakachoamua, na fedha ni zenu, naomba niwajibu nyote hapa kwa pamoja. Soma hadi mwisho hata kama wewe si mtu wa kompyuta. Jambo hili linahusu sauti na majina ya watu unaowajua.

Mnaifahamu kompyuta ya ofisi. Diski iliyo ndani yake ni ya mtindo wa zamani, ile inayozunguka. Kijana wetu wa midia ndiye aliyesikia kwanza: tak, tak, tak, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Folda iliyokuwa ikifunguka mara moja ikaanza kuchukua dakika nzima. Hakubahatisha, aliizima pale pale na kunipigia. Mungu ambariki, maana hilo la kuizima lina thamani kuliko yote tuliyofanya baadaye.

Ngoja nieleze kidogo kilichomo ndani, kwa sababu ukielewa hilo, swali la kutengeneza au kununua linabadilika sura. Ndani ya lile boksi dogo kuna visahani vinavyong'aa, vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Kichwa hicho hakigusi kisahani. Kinaelea juu ya upepo wa mzunguko wenyewe, kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi. Kikigusa, kinakwaruza, na palipokwaruzwa ndipo sauti au jina la mtu lilipoandikwa. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja upana wa inchi 24, na vyote kwa pamoja vilibeba herufi milioni 5 tu, karibu wimbo mmoja wa simu yako. Leo mzigo mkubwa kuliko huo mara elfu nyingi unakaa kwenye kitu cha kushika mkononi. Ni ajabu, lakini kinabaki kuwa chuma kinachozunguka, na chuma huchoka.

Sasa, "kutengeneza" maana yake nini? Hapa ndipo wengi wetu tunachanganya. Kiatu kikitobolewa na msumari, fundi anashona na unakivaa mwaka mwingine. Diski haiko hivyo.

Kuna mambo madogo ambayo ni haki kuyajaribu kwanza, na tuliyajaribu. Wakati mwingine diski ni nzima na ugonjwa uko kwenye waya au kwenye umeme unaoifikia. Tulibadilisha waya, tukaiunganisha na kompyuta nyingine. Sauti ikabaki. Kisha kijana akafungua programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, zinaitwa SMART. Kila diski hutengenezwa na sehemu za akiba. Sehemu moja ikiharibika, diski huihamishia kazi kwenye akiba bila kukuambia. Wewe unaendelea kuandika matangazo ya Jumapili, yenyewe inaziba matundu kimyakimya. Tulipoangalia, idadi ya sehemu zilizoshindwa kusomeka ilikuwa imepanda, na jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa imepanda tena. Diski yenye nambari isiyosogea unaweza kuivumilia kidogo huku ukiiangalia. Ile ambayo nambari inapanda kati ya asubuhi na jioni, hiyo inaaga.

Fundi wa steji anaposema atatengeneza, mara nyingi anamaanisha kuendesha programu ya kukagua makosa, ile ya Windows inayoitwa chkdsk. Sina ubaya naye, ni kazi halali. Lakini programu ile hupanga upya orodha ya faili. Haiwezi kulainisha kisahani kilichokwaruzwa. Mbaya zaidi, inailazimisha diski mgonjwa kusoma kila kona yake na kuandika juu yake, saa baada ya saa. Ni kama kumkimbiza mzee mwenye shida ya moyo ili ujue kama bado anapumua.

Dada mmoja mpendwa alinishauri kwa nia njema tuifunge kwenye karatasi ya nailoni tuiweke kwenye friza usiku kucha. Nimesikia ushauri huo hata kwa mafundi. Ikitoka humo, unyevu wa hewa unatua ndani yake kama umande, na kichwa kinachoelea kwenye umande hakifiki mbali. Friza tuliachie samaki.

Matengenezo ya kweli yapo. Yanafanyika kwenye chumba kisicho na vumbi, ambapo mtaalamu anaifungua diski na kuiwekea vichwa vya diski nyingine ya aina ile ile. Bei yake ni mara nyingi ya bei ya diski mpya. Na hata hapo, lengo si kukurudishia diski ufanyie kazi. Lengo ni kuiwezesha izunguke kwa muda tu, mpaka vilivyomo vitolewe. Baada ya hapo hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekuambia uiamini tena.

Kwa hiyo, wapendwa, wale wa "tengeneza" na wale wa "nunua mpya" wote wana sehemu ya haki, ila wanazungumzia vitu viwili. Chombo kinanunuliwa. Kilichomo kinaokolewa. Na kuokoa ndiko kunakotangulia.

Tulikopa diski nzima yenye nafasi kubwa zaidi, tukatumia programu ya bure inayoitwa ddrescue. Ninaipenda hekima yake. Haipigani na sehemu ngumu kwanza. Inapita upesi ikichukua kila kilicho rahisi, inaweka alama palipokataa, kisha inarudi taratibu kwenye zile alama, mara ya pili, mara ya tatu. Stima ikipotea katikati, inaendelea pale ilipoachia. Na ilipotea mara mbili. Kazi ilichukua siku tatu, kijana akilala ofisini.

Vilivyotoka: daftari la washirika, kumbukumbu za kuweka watoto wakfu na za ubatizo, hesabu zote za mweka hazina, nyimbo za kwaya, na mahubiri karibu yote. Mshukuruni Mungu pamoja nami. Vyeti vyenu viko salama.

Vilivyobaki humo ni folda moja, na nitasema wazi ni ipi. Ni mkutano wa Agosti 2016, ule wa uwanjani. Ndani yake kulikuwa na ushuhuda wa mama yetu mzee aliyelala mwaka uliofuata, yule aliyekuwa akitufungulia maombi ya alfajiri. Alizungumza karibu dakika arobaini siku ile. Faili tuliyoipata inacheza dakika kumi na moja, kisha inakatika akiwa katikati ya neno.

Niliwaendea watoto wake nyumbani, kwa sababu jambo hilo si la kuandika kwenye simu. Niliwaeleza kwamba upo uwezekano wa kuipeleka kwa wataalamu, kwamba gharama yake ingemeza sehemu kubwa ya fedha za mabati ya darasa la Shule ya Jumapili, na kwamba hata hao hawatoi ahadi. Walinyamaza kwa muda. Binti mkubwa akasema, "Pasta, fedha za watoto zisiguswe. Mama mwenyewe angekasirika. Lakini diski yenyewe tafadhali msiitupe."

Nimewaza sana juu ya jibu hilo, na nitalipeleka kwenye kikao kama pendekezo langu. Diski ya zamani isitengenezwe na isitupwe. Ifungwe, iandikwe jina na tarehe, iwekwe kwenye kabati kavu, na asiiwashe mtu yeyote "kujaribu tu". Ikizimwa haiendelei kujikwaruza. Siku fedha zikipatikana, mlango huo bado uko wazi. Pia hatuwezi kuiuza kama chuma chakavu wala kuiacha kwa fundi, maana ina nambari zenu za simu na matoleo yenu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai tuvilinde.

Kuhusu ununuzi, naomba diski mbili, si moja. Kwenye kompyuta tuweke ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Kompyuta ile nzee itashangaa mwendo wake. Ila SSD ina tabia yake: inaweza kufa ghafla bila hata kubisha mlango, na ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kusahau. Kwa hiyo kumbukumbu za kutunza ziwe pia kwenye diski ya nje ya kuzunguka, ikae nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa, na ije ofisini kila mwisho wa mwezi kuongezewa. Madaftari peke yake, ambayo ni madogo, tuyaweke pia mtandaoni. Video hapana, bando zetu hazitaweza. Na tafadhali tusinunue diski ya mtumba kwa sababu ni nafuu. Ile nambari ya afya inaonyesha pia saa ambazo diski imeshafanya kazi, na nyingi zinazouzwa zimeshachoka mikononi mwa wengine.

Kama unaona nakala mbili ni anasa, soma Yeremia 32. Nabii amefungwa, mji umezingirwa, naye ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati ikawa mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, na Baruku akaagizwa aziweke kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Sura ya 36 mfalme anachoma gombo zima motoni, kipande kwa kipande. Gombo lile liliandikwa tena, kwa sababu Yeremia alikuwa hai na aliweza kuyasema maneno yale upya.

Na hapo ndipo ninapowahitaji. Mama yetu hayupo ayaseme upya, lakini uwanjani siku ile niliona simu nyingi zimeinuliwa. Nyingine ziko kwenye droo zenu sasa hivi, hazina hata laini. Katibu atakuwa ofisini Alhamisi na Ijumaa kuanzia saa nane mchana. Lete simu yenyewe pamoja na chaja yake. Usitume kwa WhatsApp, maana huko video inabanwa na sauti inafifia. Hata kama kioo kimepasuka, lete. Hata kama ulirekodi dakika mbili tu, lete.