Siku Moja Katika Ziwa Victoria

Sisi watu wa Kangema tumezaliwa karibu na maji, lakini ni maji yaendayo mbio. Mto Mathioya hushuka kutoka milima ya Nyandarua, hupita chini ya mashamba yetu ya majani chai na kahawa, kisha huingia mto Tana na kwenda hata Bahari ya Hindi. Maji yetu hufika baharini, bali wengi wetu huzeeka bila kupanda chombo hata kimoja. Mtoto wa kwetu huonywa asikaribie mto wakati wa mvua, wala hapana amfundishaye kuogelea. Mimi nami nililelewa hivyo.

Basi nilipopata likizo nilikwenda Kampala kumwamkia ndugu yangu, naye akanihimiza nikaone visiwa vya Ssese. Tukateremka mpaka gati ya Nakiwogo, karibu na Entebbe, tukakuta feri inapakia malori, pikipiki, magodoro, magunia na vifaranga.

Kabla ya kuondoka tulipewa majaketi ya kuelea. Mimi nilikuwa nimevaa koti na tai, kama ilivyo desturi ya makarani, nikaona haya kufungwa kama mzigo. Nikaliweka jaketi langu magotini. Karibu nami aliketi mama mmoja mzee, mwenyeji wa visiwani, ambaye alikuwa amekwisha kulifunga lake barabara. Akaniuliza, "Mwanangu, unajua kuogelea?"

Nikamjibu, "Hapana, mama."

Akasema, "Mimi najua, na nimelivaa."

Nikalifunga langu mara moja.

Saa nane mchana tukaondoka. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na fungu la Kenya ni kama sehemu 6 tu katika 100. Yaliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Mbele yetu visiwa vilionekana kama mawingu meusi, lakini upande wa kusini-mashariki sikuona nchi kavu kabisa. Kwa mtu wa Kangema, ambaye kila ainuapo macho huona kilima kingine, jambo hilo latia hofu moyoni. Njiani tulivuka mstari wa Ikweta. Kule Nanyuki kuna kibao kando ya barabara, na wageni hupiga picha hapo. Ziwani hapakuwa na alama yoyote, ila mawimbi yale yale.

Upepo ulipozidi, nilikumbuka habari nilizosoma. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikiwa na abiria wengi kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichofanywa kwa watu 100 hivi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaa mno, wakafa zaidi ya watu 220. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mashua ya starehe ilizama upande wa Mukono, nayo pia ilikuwa imezidishiwa abiria. Ndugu msomaji, katika habari hizo zote jambo moja larudi: watu waliingia wengi kuliko chombo kiwezavyo kuchukua.

Kabla ya jua kutua tulifika ghuba ya Lutoboka katika kisiwa cha Bugala. Yule mama alifungua jaketi lake, akalikunja, akalirudisha kwa baharia, kisha akashika njia ya kwake bila haraka.

Nimerudi Kangema sasa. Siku ya soko naona matatu ikijazwa hata mlango haufungiki, nasi twaingia, kwa kuwa twaona haya kubaki nyuma au kumkatalia utingo. Hapo ndipo nimkumbukapo yule mama. Yeye ayajuaye maji alijifunga bila haya. Mimi nisiyeyajua ndiye niliyetaka kuonekana shujaa. Tangu siku ile, gari likijaa, mimi hungoja jingine.